Pingamizi la Chicago: miaka minane ya Obama katika Seneti ya Illinois

Mjomba wangu ana faili la plastiki la bluu ambalo ndani yake mna karatasi moja tu. Ni nakala ya fomu aliyoijaza mwaka 2019 alipotaka kugombea uenyekiti wa mtaa, na chini ya jina la chama chake umepigwa mstari wa kalamu nyekundu, kwa sababu aliandika kifupisho mahali palipotakiwa jina kamili. Kwa kosa hilo akaenguliwa, na mshindani wake akapita bila kupingwa. Mwaka ule wagombea wa upinzani walioenguliwa nchini walikuwa wengi kiasi kwamba chama kikuu cha upinzani kilijitoa kabla ya siku ya kupiga kura, kwa hiyo sidai kwamba yaliyompata mjomba ni ya peke yake. Nalitaja faili hilo kwa sababu jioni moja, tukiwa tumekaa kibarazani kwake, nilimwambia kwamba Barack Obama naye aliingia katika siasa kwa kuwawekea wapinzani wake pingamizi mpaka wakaisha wote. Mkewe alikuwa amejifunga ile kanga ya mwaka 2008 yenye picha ya Obama na maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu". Mjomba aliitazama kanga, akanitazama mimi, akaniuliza nimeyatoa wapi.

Sikumjibu vizuri siku ile. Makala haya ni jibu langu, na nimeyarefusha makusudi, kwa sababu kisa cha pingamizi peke yake hakitoshi kueleza yaliyofuata.

Sisi wa Afrika Mashariki huanza kumhesabu Obama kuanzia usiku wa tarehe 27 Julai 2004, alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston, au kuanzia Agosti 2006, alipofika Kogelo akiwa tayari seneta wa taifa na barabara ya Siaya ikajaa watu. Lakini kabla ya hapo, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, cheo ambacho wakazi wengi wa Chicago kwenyewe wasingeweza kukutajia nani anakishikilia katika mtaa wao. Neno jimbo hapa lisitupoteze. Kwetu Tanzania jimbo ni eneo la mbunge mmoja, ilhali mimi nazungumzia jimbo kwa maana ya mojawapo ya majimbo 50 yanayounda Marekani, kila moja likiwa na gavana, mahakama na bunge lake. Bunge la Illinois lina maseneta 59 na wawakilishi 118, nalo hukutana Springfield, mji mdogo ulio umbali wa kilomita zipatazo 320 kutoka Chicago, katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Eneo la uchaguzi la kila seneta wenyewe huliita wilaya, nami nitawafuata. Wilaya ya 13, aliyoitaka Obama, ilikuwa upande wa kusini wa Chicago, ikianzia Hyde Park ya maprofesa wa chuo kikuu na kuishia katika mitaa maskini kama Englewood, na wakazi wake walikuwa takriban laki mbili.

Hakuwa mwenyeji wa pale. Alifika Chicago mwaka 1985 kama mratibu wa jamii, akizunguka makanisani na kwenye nyumba za kupanga za serikali kuwakusanya watu wadai maji, ajira na kuondolewa kwa asbesto, kisha akaenda Harvard kusoma sheria na kurudi. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura ambayo inasemwa iliingiza daftarini watu wapatao 150,000. Mtu aliyefanya kazi hiyo anajua daftari la wapiga kura kwa ndani: nani huandikwa, nani hufutwa, nani huhama bila kutoa taarifa. Ujuzi huo haukumtoka.

Nafasi yenyewe ilifunguliwa na kashfa ya mtu mwingine. Mwezi Agosti 1995 Mel Reynolds, mbunge wa Chicago katika Bunge la taifa, alitiwa hatiani kwa makosa ya kingono yaliyomhusu msichana mdogo, na kiti chake kikawa wazi. Alice Palmer, seneta wa wilaya ya 13, msomi aliyeheshimika sana upande wa kusini, alikuwa ameshatangaza kwamba anakiwania kiti hicho na hatarudi Springfield. Tarehe 19 Septemba 1995, katika ukumbi wa hoteli moja ya Hyde Park, Palmer mwenyewe alisimama kumtambulisha kijana wa miaka 34 kuwa mrithi wake. Kwa lugha ya kwetu tungesema amemkabidhi kijiti.

Novemba 28 Palmer akashindwa, tena kwa kushika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Mdogo na nyuma ya Emil Jones, ambaye jina lake naomba mlishike kwa sababu litarudi. Ghafla mama huyu hakuwa na kiti cha taifa wala cha jimbo. Wazee wa South Side, yaani upande huo wa kusini wa Chicago, wakamwendea Obama wakamwomba ampishe mkubwa wake, asubiri zamu yake. Akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ameshatangaza, ameshachangisha fedha na ameshawaita watu wakamfanyia kazi, na kwamba aliyemwambia kiti ni chake ni Palmer mwenyewe. Nimewahi kuwauliza watu wengi wangefanya nini wangekuwa yeye, na nimegundua kwamba wenye umri chini ya miaka 40 husema wasingempisha, na waliovuka hapo hunyamaza kwanza.

Palmer akarudi uwanjani hata hivyo, akakusanya saini za wadhamini katika siku chache za Desemba. Sheria ilimtaka kila mgombea wa uteuzi wa Democratic katika wilaya ile alete saini 757 za wapiga kura walioandikishwa humo. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa wadhamini ni nini. Kwetu mgombea ubunge hutafuta 25. Palmer alirudisha saini zipatazo 1,580, zaidi ya mara mbili ya zilizotakiwa, na mtu asiye na habari angedhani amemaliza kazi.

Mara tu baada ya mwaka mpya wa 1996, vijana wa Obama walifika ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago na kuanza kuzipitia fomu za wapinzani jina kwa jina, wakilinganisha na daftari. Kazi hiyo haina utukufu wowote. Unakaa na rundo la karatasi, unaangalia mtu fulani wa nyumba namba fulani, unatafuta kama yumo daftarini, kama anaishi ndani ya mpaka wa wilaya au ng'ambo ya barabara, kama saini yake inafanana na ile iliyohifadhiwa, kama aliyeisimamia karatasi hiyo anaruhusiwa kuisimamia. Baadhi ya watu walikuwa wameandika majina yao kwa herufi za kuchapa badala ya kusaini kwa mwandiko, na hilo nalo likawa kasoro. Wengine majina yao yalikuwa yamefutwa daftarini muda si mrefu kabla ya hapo bila wao kujua. Zilipoondolewa zenye dosari, Palmer alijikuta amepungukiwa na saini kama 200, akajitoa. Mgombea mwingine, Gha-is Askia, aliyeleta karibu saini 1,900, akakosa 69. Wawili waliobaki nao wakaanguka. Katika uteuzi wa chama wa Machi 1996, karatasi ya kura ya wilaya ya 13 ilikuwa na jina moja, na kwa kuwa Republican katika mitaa ile ni kama mvua ya Agosti kule Dodoma, uchaguzi wa Novemba haukuwa na wasiwasi: Obama alipata zaidi ya asilimia 80.

Hapa ndipo mjomba aliponikatiza jioni ile akasema, "Kwa hiyo hata wao!" Nilitaka kumwambia hapana, kisha nikashindwa kumaliza sentensi, maana ukiangalia matokeo tu, Askia na mjomba wamekaa benchi moja. Wapiga kura wa wilaya ya 13 walinyimwa nafasi ya kuamua kati ya mama waliyemjua na kijana waliyekuwa wakimjua kidogo, na aliyewanyima ni mtu aliyekuwa amejenga jina kwa kuwaandikisha watu kama wao. Obama aliulizwa jambo hili na waandishi miaka mingi baadaye, akajibu kwamba wao walifuata kanuni zilizokuwapo. Ni kweli, na jibu hilo halinitoshi. Ila tofauti ipo pia. Chicago aliyeweka pingamizi ni mgombea, aliyeamua ni tume, na katikati palikuwa na karatasi ambazo kila upande uliruhusiwa kuzishika, kuzihesabu na kuzibishia saini moja baada ya nyingine. Mjomba alipoenda kukata rufaa, hakumkuta mtu ofisini.

Aliapishwa Januari 1997, akakuta kwamba kushinda ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Seneti ya Illinois ilikuwa mikononi mwa Republican chini ya rais wake, James Philip, ambaye kila mtu alimwita Pate, na muswada wa mtu wa upande wa wachache uliingia katika kamati ya kanuni ukalala humo usingizi wa pono. Alikuwa pia mgeni asiyependwa na baadhi ya wenzake weusi, waliomwona msomi wa Harvard aliyemfanyia Alice Palmer alichomfanyia. Alipowasilisha muswada wake wa kwanza, seneta mwenzake wa Democratic, Rickey Hendon, alisimama akamtaka amsaidie kulitamka jina lake vizuri, kisha akamwuliza kama jina hilo ni la Kiayalandi. Obama akamjibu kwamba litakuwa la Kiayalandi siku atakapogombea cheo cha kaunti nzima. Ilikuwa ni mila ya kumtania mgeni, lakini msikilizaji aliyetoka Siaya angelicheka jibu hilo kwa namna yake, maana katika kaunti ya Cook, ambamo ndimo ilimo Chicago, majina ya Kiayalandi yamebeba watu wengi hadi ofisini, na la Kijaluo lilikuwa bado halijambeba yeyote.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonivutia zaidi kuliko hotuba zake zote. Alijifunza gofu, na akajiunga na mchezo wa karata wa Jumatano usiku nyumbani kwa seneta Terry Link, pamoja na maseneta wazungu wa miji midogo na mashambani ambao hawakuwa na sababu ya kumjua. Dau lilikuwa dogo, bia na sigara zilikuwapo, na waliocheza naye walisema baadaye kwamba alikuwa mchezaji mwangalifu aliyetupa karata mbaya mapema. Springfield hakuna familia na hakuna mambo mengi ya kufanya baada ya kikao, hivyo sheria nyingi hupikwa mezani pa chakula au pa karata kabla hazijafika ukumbini.

Kazi ya kwanza kubwa aliyopewa ilikuwa ya kukera watu. Illinois ilikuwa na sheria legelege kuliko kawaida kuhusu fedha za siasa. Mgombea aliweza kuzitumia fedha za kampeni kwa mambo yake binafsi bila kuvunja sheria yoyote. Ni jimbo ambalo mwaka 1970 alifariki katibu wake, Paul Powell, na katika chumba chake cha hoteli Springfield zikakutwa dola zipatazo laki nane taslimu, nyingine zikiwa ndani ya maboksi ya viatu. Mwaka 1998 Obama, akishirikiana na wenzake wa vyama vyote viwili, Kirk Dillard wa Republican akiwa mmoja wao, alisaidia kupitisha sheria iliyopiga marufuku zawadi nyingi za mawakala wa makampuni na matumizi binafsi ya fedha za kampeni. Alipowaeleza wenzake wa Democratic faraghani, wengine walimzomea. Mwaka huohuo alichaguliwa tena, safari hii kwa kipindi cha miaka minne, kwa karibu asilimia 90 ya kura.

Jambo moja la miaka hiyo lilimfuata hadi kampeni za urais. Katika Seneti ya Illinois, mbele ya kila seneta kuna vitufe vitatu: cha kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, na cha njano cha kusema tu kwamba upo. Kwa kuwa muswada huhitaji kura 30 kati ya 59 za maseneta wote, si za waliohudhuria tu, kusema upo kuna nguvu ileile ya kusema hapana, bila jina lako kuandikwa upande wa hapana. Obama alibonyeza njano mara kama 130 katika kura zake zipatazo 4,000. Wapinzani wake walisema ni woga. Watetezi wake walisema ni mbinu ya pamoja ya chama, na mara nyingine njia ya kuonyesha kwamba shabaha ya muswada ni njema na uandishi wake mbovu. Mimi naona yote mawili yalikuwamo, na sioni aibu kusema kwamba nusu ya madiwani ninaowafahamu wangelipia fedha kupata kitufe kama hicho.

Mwaka 1999 uvumilivu ukamwishia. Bobby Rush, mbunge wa taifa wa South Side, zamani kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, mjini Chicago, alikuwa amegombea umeya dhidi ya Richard Daley na kupigwa vibaya mno. Obama akahesabu kwamba mzee amechoka, akatangaza kumpinga katika uteuzi wa Machi 2000. Hesabu ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Watu waliomnyima Rush umeya hawakuwa watu wa wilaya yake; nyumbani kwake alikuwa bado ndugu yao. Kisha Oktoba 1999 mwana wa Rush akapigwa risasi na kufariki, na mashindano yakageuka msiba, kwa sababu hakuna mgombea anayeweza kumshambulia baba aliyefiwa. Mwishoni mwa Desemba Gavana aliitisha kikao cha dharura kuhusu sheria ya bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake Malia akaugua, hakurudi kwa wakati, na muswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti hayakumhurumia. Mtaani wapinzani wake walikuwa wakisema kwamba huyu si mweusi wa kweli, ni mtu wa chuo kikuu aliyetumwa na wazungu wa Hyde Park. Rais Bill Clinton akarekodi tangazo la redio la kumuunga mkono Rush. Tarehe 21 Machi 2000 Rush alipata asilimia 61 na Obama 30.

Ameshasimulia mwenyewe jinsi mwezi Agosti mwaka huo alivyosafiri hadi Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, akataka kukodi gari uwanja wa ndege, na kadi yake ya mkopo ikakataliwa. Alipofika ukumbini hakuwa na kitambulisho cha kumwingiza ndani, hivyo alitazama sehemu kubwa ya mkutano kwenye televisheni, akarudi nyumbani kabla haujaisha. Takriban miaka minne kabla ya Boston, mtu huyu alikuwa akihangaika na mhudumu wa kaunta ya magari ya kukodi.

Lakini alikuwa bado seneta, na hili ndilo ambalo msomaji wa kwetu huweza kulipita haraka. Kipindi chake cha miaka minne kilikuwa kikiendelea, kwa hiyo aliweza kumpinga Rush bila kuachia kiti cha Springfield. Kenya mtu hawezi kugombea vyeo viwili, na vyeo vyote sita hupigiwa kura siku moja. Diwani wa bunge la kaunti akijaribu ubunge akaanguka, anakaa nje miaka mitano. Tanzania ni hivyohivyo. Ratiba ya uchaguzi ya Illinois ilimpa Obama haki ya kushindwa vibaya na kwenda kazini wiki inayofuata, na naamini kwa dhati kwamba bila ratiba hiyo leo angekuwa mwanasheria wa Chicago asiyejulikana na mtu yeyote kati ya wanaosoma hapa.

Kilichomwinua tena kilikuwa kofia. Kila baada ya sensa Illinois huchora upya mipaka ya wilaya, na vyama vikishindwa kuafikiana katika tume, katiba ya jimbo inaamuru kura ya bahati nasibu iamue chama kipi kipate mjumbe wa ziada. Mwaka 2001 Katibu wa jimbo, Jesse White, alitumbukiza mkono katika kofia ndefu ya mtindo wa Abraham Lincoln akatoa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na mtu wa Democratic. Kwa karatasi hiyo moja chama kilichokuwa upande wa wachache katika Seneti kwa takriban miaka kumi kikapata kalamu ya kuchora ramani. Obama alikuwa ameshakwenda katika chumba cha kompyuta cha wachora ramani wa chama, akakaa na mtaalamu, wakaivuta wilaya ya 13 kuelekea kaskazini, kando ya ziwa, mpaka ikaingiza maghorofa ya matajiri karibu na katikati ya jiji. Ilibaki na wapiga kura weusi wengi, lakini sasa ndani yake waliishi pia watu wenye fedha za kuchangia kampeni. Mtu aliyeambiwa na South Side kwamba si wao alijichorea wapiga kura wengine. Sijui kama kuna tendo la siasa katika maisha yake lililokuwa na uzito kuliko saa alizokaa mbele ya skrini ile, na hakuna aliyempigia makofi. Mwaka 2002 alipita bila kupingwa, safari hii bila pingamizi la mtu.

Ramani hiyohiyo iliwapa Democratic wingi wa viti, na Januari 2003 Emil Jones, yule aliyemshinda Palmer mwaka 1995, akawa Rais wa Seneti. Jones alikuwa fundi wa siasa za zamani za Chicago, aliyepanda kutoka kazi ya idara ya majitaka. Obama alimwendea akamwambia kwamba sasa ana uwezo mkubwa, ikiwamo uwezo wa kumtengeneza seneta wa taifa. Jones alilipenda wazo hilo. Akampa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na akampa miswada, mingine ikiwa imeshughulikiwa na wenzake kwa miaka mingi. Wenzake walilalamika kwamba wamelima na mwingine amevuna, na kwa haki kabisa walikuwa na sababu.

Hata hivyo kuvuna kwenyewe kulihitaji kazi, na mfano ulio bora ni sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi. Illinois ilikuwa imeshawaachia huru watu 13 waliohukumiwa kifo kimakosa, zaidi ya 12 iliyokuwa imewaua kwa hukumu hiyo tangu adhabu ya kifo irudishwe, na Gavana George Ryan alikuwa amesimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Katika kesi kadhaa tatizo lilikuwa maungamo yaliyotolewa kwa kipigo au vitisho katika vyumba vya polisi. Obama alipendekeza kwamba mahojiano yote ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, na Gavana mpya, Rod Blagojevich, hakuwa na hamu nayo. Obama aliwaita pande zote mezani wiki baada ya wiki, akawaachia polisi vifungu vidogo ili abaki na kiini, akiwakumbusha kwamba kanda hiyohiyo humlinda askari mwadilifu anaposingiziwa. Mwishowe Seneti ilipitisha muswada bila kura hata moja ya hapana, na Julai 2003 Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Majimbo mawili yaliyotangulia yalilazimishwa na mahakama zao. Nadhani meza za karata za Jumatano zilianza kulipa hapo.

Yaliyobaki yanajulikana, nami nitayapita haraka. Oktoba 2002, akiwa bado seneta wa jimbo tu, alihutubia mkutano wa kupinga vita vya Iraq katikati ya Chicago. Machi 2004 aligombea uteuzi wa useneta wa taifa dhidi ya watu sita, mmoja wao, Blair Hull, akiwa ametumia karibu dola milioni 29 za mfukoni mwake lakini faili la talaka yake likafunguliwa hadharani na kumwangusha. Obama alipata karibu asilimia 53. Mpinzani wake wa Republican, Jack Ryan, naye akaangushwa na mafaili ya talaka, na aliyeletwa dakika za mwisho kutoka Maryland, Alan Keyes, alipata asilimia 27 dhidi ya 70. Kwa mara ya pili katika maisha yake mpinzani aliyekuwa amejipanga alitoweka kabla ya siku ya kura, ingawa safari hii hakuna aliyehitaji kuhesabu saini. Kiti cha wilaya ya 13 alikiacha Novemba 2004, akateuliwa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, aliyekikalia hadi alipokuwa mwanasheria mkuu wa jimbo mwaka 2019.

Mwezi uliopita nilimsomea mjomba rasimu ya haya yote, mkewe akipepeta mchele pembeni. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye kofia, akasema kwamba angalau kofia haiulizi kifupisho. Nilipomaliza hakuuliza lolote kuhusu urais, wala Ikulu yao, wala Kogelo. Aliuliza, "Na yule mama? Mwaka 2008 alimpigia kampeni nani?"

Nikamwambia kwamba Alice Palmer alimuunga mkono Hillary Clinton.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu," akasema, "hata mimi ningefanya hivyohivyo," akairudisha ile karatasi kwenye faili la bluu.